Mashine ya Amri na Mashine ya Picha

Vijana wangu, juzi nilikuwa barazani kwa jirani nikinywa kahawa, nikawasikia wawili wenu mkigombana juu ya simu. Mmoja anasema yake ndiyo simu, ya mwenzake ni takataka. Mwenzake anajibu kwamba hiyo ya kwanza ni ya watu wa kujionyesha, ukiiangusha mara moja umekwisha. Nusura mshikane mashati. Mimi nilinyamaza, si kwa kukosa la kusema, ila kahawa ilikuwa bado ya moto. Sasa nimerudi kwangu, kahawa imekwisha, na hakuna wa kunikatiza.

Ugomvi wenu huo ni mkongwe kuliko nyinyi. Sisi tuligombana hivyohivyo hapahapa Malindi miaka ile ya themanini ikielekea mwisho, wakati kompyuta mjini zilikuwa za kuhesabika na mtu aliyewahi kuigusa moja alisimulia habari hiyo mpaka watu wakamkimbia. Tofauti ni kwamba ugomvi wetu ulikuwa na mtu ndani yake. Kulikuwa na mama mmoja ambaye angepoteza kazi ya maisha yake kwa sababu ya mashine ipi ingebaki mezani, na aliyekaribia kumpotezea ni mimi, kwa kumpenda.

Jina langu Kahindi. Nilikuwa fundi wa taipureta. Nikiwatajia kazi hiyo mnanitazama kama niliyesema nilikuwa fundi wa mawingu, lakini enzi hizo hakuna ofisi iliyoweza kuishi bila mtu kama mimi. Nilizaliwa Gede, baba yangu mkulima wa mihogo na mikorosho, na shule niliiachia darasa la sita. Ufundi niliupata Mombasa kwa mzee mmoja mkali aliyenipiga vidole kwa bisibisi kila nilipolazimisha kitu. Kisha nikarudi huku kwetu na sanduku langu la vyombo, nikawa nazunguka: wiki hii Kilifi, wiki ijayo Malindi, siku moja Mambrui kwenye shule, siku nyingine Watamu kwenye mahoteli.

Ngoja niwape jambo moja la ufundi kabla sijasahau. Kitu kilichopakwa mafuta yasiyo yake ni afadhali kingeachwa kikavu. Karani mmoja wa hoteli kule Watamu aliona mashine yake nzito, akaipaka mafuta ya nazi. Nilipofika ilikuwa inanukia kama bi harusi na haitoi hata herufi moja. Nilishinda pale kutwa nikisugua kwa mafuta ya taa na mswaki, na yeye ananiuliza kama mafuta ya simsim yangefaa zaidi. Taipureta hutaka mafuta ya cherehani, tone moja, tena kwa ncha ya sindano.

Sasa Bi Zuhura. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya Bwana Twalib, kwenye kichochoro kimoja cha mji wa kale. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu ambamo watu walileta barua zao, kadi zao za harusi, mitihani ya shule na orodha za vyakula za mahoteli ili zipigwe chapa. Bi Zuhura alikuwa mtu wa Mambrui, wazee wake walitoka Lamu, na katika ukoo wao yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kuvaa buibui lake asubuhi akaenda kazini. Kulikuwa na maneno mengi nyumbani wakati ule, akayavuka. Baadaye mumewe akafariki, na ile kazi waliyomlaumu nayo ndiyo iliyowalisha wote. Kwa hivyo mkinisikia nasema kazi yake ilikuwa heshima yake, sisemi kwa mapambo.

Alipiga chapa bila kutazama vitufe. Hilo si ajabu, wengi waliweza. Ajabu ni kwamba aliweza kupiga chapa huku akimjibu mteja salamu zote, za mzima, za watoto, za shamba, na asikosee mstari. Mara ya kwanza kufungua mashine yake nilikuwa kijana mwenye majivuno. Niliifungua, nikaisafisha, nikaifunga, skrubu moja ikabaki mkononi. Nikaitia mfukoni kimya nikasema imekwisha.

Akaigonga mara mbili tatu, akainamisha kichwa.

"Kahindi mwanangu," akasema, "mashine hii yalia. Imekuja na skrubu zake zote, na iondoke nazo zote. Itoe hiyo mfukoni."

Hakunisema kwa Bwana Twalib. Alinipisha kiti chake, akaagiza chai, nami nikaifungua upya mbele yake huku akinieleza ni wapi anasikia kilio. Tangu siku hiyo, mwalimu wangu wa pili alikuwa yeye. Yule wa Mombasa alinifunza mikono, Bi Zuhura alinifunza masikio. Nilimpenda kama mama yangu mdogo, na sioni haya kulisema.

Basi mwaka mmoja Bwana Twalib akaanza kuona wateja wanapungua. Hoteli zilitaka orodha ya vyakula ibadilike kila siku, shule zilitaka mtihani wa mwaka jana uletwe ukirekebishwa kidogo tu. Kwa taipureta, kurekebisha kidogo ni kupiga upya yote. Muuzaji mmoja wa Mombasa akamshawishi. Akamletea kompyuta mbili za kujaribu kwa mwezi mmoja, kwamba mwezi ukiisha atarudi na gari lake, moja ibaki na nyingine aondoke nayo.

Siku kompyuta hizo ziliposhushwa, Bwana Twalib alisoma fatiha, akafukiza ubani, na kabla sijamzuia akachukua mrashi akazinyunyizia marashi ya waridi, kama tufanyavyo kwenye jambo la heri. Ile ya kwanza ilipata matone mengi zaidi. Tulipoiwasha, herufi A ilinasa ikajiandika peke yake mpaka mwisho wa kioo, mstari baada ya mstari, na muuzaji amesimama pale amefumba macho. Kazi yangu ya kwanza kwenye kompyuta katika maisha yangu ilikuwa kutoa marashi.

Nieleze tofauti ya hizo mbili, maana hapa ndipo ugomvi wenu ulipozaliwa.

Ile ya kwanza tuliiita mashine ya amri. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na mfumo wake ulikuwa ule wa DOS, ambao wazee wenzangu wataukumbuka. Ukiiwasha haikuonyeshi kitu. Inakaa pale na kijistari kinapepesa, inakungoja useme. Na lazima useme kwa maneno yake, ya Kiingereza cha mkato, bila kukosea hata nukta. Ukikosea inakuambia amri mbaya, basi, haikwambii mbaya kwa nini. Ilikuwa kama mkubwa wa ofisi asiyejibu salamu.

Ile ya pili tuliiita mashine ya picha. Ilikuwa ndogo, kioo na mwili ni kitu kimoja, na juu kishikio cha kuibebea. Ukiiwasha inatabasamu. Unaona karatasi ndogo, majalada madogo, na pembeni kijipipa cha taka. Mezani kuna kijidude chenye mkia wa waya, walikiita panya, ukikisukuma nacho kishale kinatembea kwenye kioo. Unataka barua? Elekeza kishale kwenye barua, bofya. Hakuna cha kukariri. Muuzaji alisema hata mtoto mchanga angeiweza, nasi tukamwamini, ingawa hakuna mtoto mchanga aliyeletwa.

Bwana Twalib akatuita. Tulikuwa watatu: mimi, Bi Zuhura, na Dama, msichana wa kwetu Gede aliyemaliza kidato cha nne na kuajiriwa pale mwaka uliotangulia.

"Kusema kweli," akasema, "kazi ya kushindana na vyuma hivi vya zamani yaisha. Itabaki mashine moja, meza moja, mtu mmoja. Kahindi, weye fundi, huna upande. Zitazame zote mbili mwezi huu, uniandikie ipi yafaa kwa mtu wa kawaida. Hiyo ndiyo n'taichukua, na atakayeiweza ndiye atakayekaa nayo."

Bi Zuhura alikuwa akikunja leso ya kufunikia taipureta yake, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Mwezi ule nilijifunza mengi kuliko miaka mitatu ya Mombasa. Nilijifunza kwamba disketi haiwekwi juu ya redio, kwa sababu sumaku ya spika huila. Nilijifunza kwamba chumvi ya bahari, ambayo huchukua mwaka kula taipureta, huchukua miezi kula kompyuta, kwa hivyo funika, futa, funika. Stima ikikatika katikati ya kazi, na ilikatika sana, kisichohifadhiwa kimekwenda, na kulia hakukirudishi. Dama alikuwa akihifadhi kila sentensi. Alisema amejifunza kwa mvua za kwao, ambako mtu hulala ameshainua vitu vyake, maji yasimkute.

Dama aliipenda mashine ya picha papo hapo. Alichora mnazi kwenye orodha ya vyakula ya hoteli moja, akachora na samaki, na meneja wa hoteli alipoiona akaagiza kumi na mbili. Bi Zuhura naye alipewa zamu zake. Kwanza alilalamikia panya. Meza ilikuwa ya kioo, panya anateleza, kishale hakiendi. Siku ya pili akaja na kipande cha mkeka alichosuka mwenyewe, chenye rangi tatu, akakitandika chini ya panya. Ule mpira wa tumboni mwa panya ukawa unaruka kila ukipita kwenye msuko, na kishale kinaruka kama panzi. Tulicheka mpaka machozi, na yeye alicheka kuliko sote.

Ila kwenye kutoa disketi hakucheka. Katika mashine ile, ukitaka kuitoa disketi yako salama unaikokota picha yake unaitia kwenye pipa la taka. Muuzaji alimwonyesha siku ileile aliyozileta.

"Subhanallah," akasema Bi Zuhura. "Niwatie watu barua zao jaani ndipo zitoke? Kadi ya harusi ya mtu naitia jaani?"

"Ni picha tu, mama."

"Kwa mtu ni picha. Kwangu ni jaa."

Kwa hilo nilimwona ana haki, na mpaka leo sijaelewa nani alibuni jambo lile.

Mimi nami nilikuwa na msiba wangu, na ulikuwa kwenye mashine ya amri. Kuna neno moja katika DOS la kupangusa disketi mpya ili iwe tayari kuandikwa. Nililiandika, nikabonya, nikajisifu moyoni. Kumbe disketi iliyokuwa ndani haikuwa mpya. Ilikuwa ya mitihani ya shule moja ya Mambrui, madarasa manne, na watoto wangekalia mtihani kesho yake. Mashine haikusema pole. Ilisema imemaliza, na ikaniuliza kama nina nyingine. Bi Zuhura na Dama walirudi kwenye taipureta zao, wakagawana madarasa mawili mawili, wakapiga chapa mchana kutwa bila kunyanyua vichwa. Mimi niliwapelekea chai na maandazi na sikutazamwa. Walipomaliza Bi Zuhura alinyoosha vidole akaniambia, "Haya, Kahindi, mitihani imerudi. Sasa rudi na weye." Lakini sikurudi kabisa. Tangu siku ile nikikiona kile kioo cheusi jasho lilinitoka.

Mwezi ukakaribia kwisha. Nikaketi nikaandika karatasi yangu kwa Bwana Twalib. Niliandika kwamba mashine ya picha ndiyo inayofaa kwa mtu wa kawaida. Niliandika kwamba mtu mzima hawezi kukaririshwa maneno ya Kiingereza cha mkato, kwamba picha haina lugha, na kwamba Bi Zuhura, akipewa wiki mbili tatu za kuzoea panya, ataimudu. Niliona nimemwokoa. Nilimpa Bwana Twalib karatasi ile Jumatano asubuhi, akaisoma mara mbili, akasema amekubali, na kwamba muuzaji atakuja Alhamisi kuchukua ile ya amri.

Jumatano hiyohiyo, baada ya alasiri, nilirudi ofisini kuchukua kibisibisi nilichokisahau. Bwana Twalib alikuwa msikitini. Nikasikia sauti ndani. Ilikuwa sauti ya kukariri, inapanda na kushuka, inakwenda mbele, inarudi nyuma, inaanza tena. Nikachungulia. Bi Zuhura alikuwa ameketi mbele ya mashine ya amri akiyumba polepole, na Dama kando yake ameshika kile kitabu cha maelezo.

"La kufungua," Dama anasoma. Bi Zuhura analitaja, na vidole vyake vinaligonga.

"La kutafuta neno." Analitaja, analigonga.

"La kubadilisha, la kuhifadhi, la kuchapisha." Yote, bila kupumua, mpaka nikasikia mashine inanguruma.

Wale wenu mliohamia huku kutoka bara huenda hamjui, kwa hivyo niwaambie. Mtoto wa Mambrui alipelekwa chuoni kusoma Kurani angali mdogo, akahifadhishwa kwa masikio na ulimi, juzuu baada ya juzuu, kabla hajajua kuandika jina lake. Bi Zuhura alikuwa amehifadhi mambo mazito mara mia kuliko yale maneno thelathini ya kompyuta. Mimi niliyezunguka ofisi zote za pwani hii nikijisifu kuwa nawajua watu wake nilikuwa nimeandika kwamba mtu mzima hakaririshwi.

Nikaingia. Nikawaambia yote hapohapo kwa sababu sikuweza kuyameza. Nikamwambia karatasi nimeshaipeleka, nimeisifia ya picha, na kwamba nimefanya kwa ajili yake.

Bi Zuhura aliondoa mikono kwenye vitufe akaiweka mapajani.

"Vile vijipicha mimi sivioni, Kahindi," akasema. "Macho yangu yameanza kuniaga mwaka wa tatu huu. Naona ukungu. Kishale kikipita nadhani ni nzi."

"Mbona hukuniambia, Bi Zuhura?"

"Nani aenda kumwambia mwajiri kwamba macho yamwisha? Na weye mbona hukuniuliza? Mtu yu hai, wamchagulia kama umchaguliaye sanda?"

Dama alifunga kitabu, akatazama nje. Mashine ya picha ikibaki ingekuwa yake, meza ingekuwa yake, na yeye mwenyewe alikuwa analijua hilo tangu siku ya kwanza aliyokaa kumsomea Bi Zuhura. Nilimuuliza baadaye kwa nini alifanya vile. Akanishangaa. "Aliniomba," akasema.

Alhamisi asubuhi gari la muuzaji lilisimama kichochoroni. Bwana Twalib alikuwa na karatasi yangu mkononi. Nikamwambia mbele ya wote kwamba karatasi ile si sahihi, niliyeiandika sikuwa nimeuliza, na kwamba Bi Zuhura anaiweza mashine ya amri.

Akakasirika, na alikuwa na haki. "Jana yafaa, leo haifai? Bwana Kahindi, hii ni ofisi, si uwanja wa mchezo." Kisha akamgeukia. "Bi Zuhura, hebu keti. Ile barua ya shule ya kuwaalika wazazi, siku imebadilika. Jumamosi iwe Jumapili, kila mahali ilipo. Waweza?"

Bi Zuhura akaketi. Akakisogeza kiti, akakirudisha. Bwana Twalib akamwinamia.

"Lakini waona hapo?"

Nilijua ni swali gani lile, na Dama alijua. Kama angesema naona, angedanganya, na kama angesema sioni, angekuwa amejifukuza kwa kinywa chake. Bi Zuhura akainuka, akaichukua ile leso ya kufunikia taipureta yake, akaitandaza juu ya kioo cha kompyuta mpaka chini.

"Sioni, Bwana Twalib," akasema. "Na nisidanganye mtu. Sasa sote hatuoni, tuko sawasawa."

Akaanza. Hakuyumba safari hii, aliketi wima, ila midomo ilikuwa inatembea. Vidole vilikwenda, vikasimama, vikangoja mashine ingurume, vikaendelea. Alijua kwa sauti ya ile disketi ikizunguka kwamba barua imefunguka, kama alivyokuwa akijua skrubu yangu iko mfukoni. Akatafuta, akabadilisha, akahifadhi. Akagonga amri ya kuchapisha na kuegemea nyuma.

Kimya. Printa haikulia.

Muuzaji akakohoa. Bwana Twalib akaitazama printa, akanitazama mimi, na mimi nikawa nahesabu moyoni ni kosa gani, ni neno gani aliliruka. Bi Zuhura alikuwa ametulia tuli, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshika pindo la leso.

Dama akanyoosha mkono akabonya kitufe kilichokuwa ubavuni mwa printa. Haikuwa imewashwa ipokee kazi, basi. Ikaanza kukereza kwa kelele zake zile kama mtu anapaa samaki, mstari baada ya mstari. Bwana Twalib aliichana karatasi akaisoma kwa sauti. Jumapili juu, Jumapili katikati, Jumapili chini.

"Itoe leso kwenye mashine ya watu," akamwambia Bi Zuhura, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Yapata joto." Kisha akamwambia muuzaji achukue ile ya picha.

Dama aliisindikiza mpaka garini. Muuzaji akamweleza kuwa iko hoteli Watamu, ileile ya orodha kumi na mbili, inayoitaka mashine pamoja na mtu wa kuitumia. Hazikupita wiki tatu, naye Dama akaifuata huko kama mfanyakazi wao. Kila nilipopita kule nilimkuta anachora samaki wazuri zaidi, na panya wake anatembea juu ya kipande cha mkeka kilichogeuzwa upande wa nyuma, ambao ni laini, alichopewa na Bi Zuhura siku ya kuagana.

Kwa hivyo mkiniuliza ipi ilikuwa bora, DOS au ile ya picha, siwezi kuwajibu hivihivi. Bora kwa nani? Kwa Dama, mwenye macho na mikono ya kuchora, ilikuwa moja. Kwa Bi Zuhura, mwenye masikio na kumbukumbu, ilikuwa nyingine. Muuzaji alisema mtu wa kawaida, nami niliandika mtu wa kawaida, lakini katika kuzunguka kwangu kote sijakutana naye mtu huyo. Nimekutana na mwenye miwani, na mwenye kidole kimoja kilichokatwa na panga, na mwenye haraka, na mwenye aibu. Nanyi mkimnunulia mama simu, jamani, muulizeni kwanza.

Nina jambo moja bado, na nilitaka kuliruka.

Siku ileile, gari lilipoondoka na Bwana Twalib alipokwenda kula, nilibaki na Bi Zuhura. Alikuwa amejitengenezea meza yake mpya, ameketi kama aliyekaa pale miaka yote.

"Sasa nambia kweli," akasema. "Ile karatasi uliiandika kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

Bi Zuhura alijua kungoja, na mimi sikuwahi kuweza kumvumilia akingoja. Nikatazama sakafu, kisha nikamwambia. Nikamwambia kwamba tangu ile disketi ya mitihani nakiogopa kioo kile. Nikamwambia Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, na yale maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye kikaratasi ambacho nilikisoma chooni nisionekane. Mimi ndiye niliyetaka mashine isiyo na maneno. Niliandika jina lake, lakini mwoga alikuwa mimi, na kidogo hofu yangu imtoe kazini.

Nilidhani atacheka, maana tulizoea kuchekana. Hakucheka. Alinitazama kwa yale macho yake yaliyoniona ukungu, akasukuma kiti cha pili kwa mguu.

"Keti, mwanangu. Hakuna mtu hapa. Sema nami."

Nilikuwa mtu mzima, fundi mwenye sanduku lake, najulikana kutoka Kilifi mpaka Mambrui. Nikaketi. Akasema neno la kwanza la amri, nikalisema. Akasema la pili, nikalisema. Tulipofika la kumi nilikuwa nimeshalisahau la tatu, naye hakunigombeza, akaanza upya tangu la kwanza.